Kamera ya filamu ya zamani: acha kukariri namba, hesabu kliki

Kamera ya filamu ya zamani ikishafika mkononi mwako, iwe umeachiwa na mzee au umeikuta chini ya sanduku la nguo, usiifungue kwanza. Najua mikono inawasha lakini subiri kidogo. Juu upande wa kushoto kuna kanobu kenye kamkono kadogo ka kukunjua, hako ndo ka kurudishia filamu, kazungushe taratibu kufuata mshale. Kakizunguka kepesi muda wote, uwezekano mkubwa ndani hamna kitu. Kakikaza baada ya nusu raundi hivi, acha hapohapo, kuna filamu mle ndani, na ukifungua mgongo mwanga unaingia kula picha ambazo pengine zimekaa humo miaka na miaka zikisubiri mtu wa kuzisafisha.

Ukishajiridhisha ni tupu, sasa fungua. Kwenye kamera nyingi unavuta hako kanobu juu hadi usikie tak, mgongo unaachia. Katikati utaona kitambaa cheusi au vibati vyembamba vilivyopangana, hayo ndo mapazia ya shata, yaani mlango wa kuruhusu mwanga, na nakuomba kidole kisifike hapo, vibati vile vikishakunjika shughuli imeisha. Vuta ule mkono wa kuvutia filamu ulio kulia, weka nobu ya spidi (ile yenye 1, 2, 4 kuendelea) kwenye herufi B, elekeza lenzi dirishani, bonyeza kitufe na usikiachie. Pazia linabaki wazi mpaka utakapoachia. Chungulia kwa nyuma, unaona duara la mwanga. Achia, geuza ile pete ya lenzi iliyoandikwa 2, 2.8, 4, 5.6 mpaka ifike 16, vuta mkono tena, rudia. Safari hii duara limekuwa katundu kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Sasa vuta mkono, toa B weka 1, bonyeza: pazia linafunguka, gia zinalia zzzz sekunde nzima, linafunga. Vuta tena, weka 1000, bonyeza, unachoona ni kumeta tu.

Hapo umeshaiona kamera nzima, sikutanii. Mwanga unaguswa na vitu viwili tu, tundu ni pana kiasi gani na pazia linakaa wazi muda gani. Vinobu na pete zote zilizobaki ama zinasogeza filamu, ama zinapima, ama zinasogeza vioo vya lenzi mbele na nyuma. Mimi nilipoanza nilidhani mashine ndo ngumu, kumbe mashine ni nyepesi kabisa, kilichonichanganya ni namba, maana waliozichonga waliandika nusu ya habari wakaacha nusu nyingine tuijaze wenyewe, na kibaya zaidi kila pete ina namba zake zinazoenda kivyake.

Tuanze na spidi. Nobu imeandikwa 1, 2, 4, 8, 15, 30, 60, 125, 250, 500, 1000. Hizo ni sehemu za sekunde, ile moja ya juu na mstari wake wameviacha ili namba zienee. Kwa hiyo 500 maana yake moja ya mia tano ya sekunde, na 30 ni muda mrefu kuliko 500, sio mfupi. Ukitazama vizuri kila namba ni mara mbili ya jirani yake, pale 8 kwenda 15 na 60 kwenda 125 wamechezea kidogo tu hesabu ikae vizuri, usihangaike nayo. Ukitoka 125 ukaenda 250 umekata mwanga nusu, ukirudi 60 umeuongeza mara mbili. Kliki moja, nusu au mara mbili, basi. Afu kitu kimoja wengi hawaambiwi, kwenye kamera za kimakanika hamna kitu kati ya kliki na kliki, ukiiacha spidi katikati ya 125 na 250 huwezi kujua itakupa nini, wakati pete ya tundu unaweza ukaiacha katikati na inafanya kazi vizuri tu.

Namba za tundu ndo zinazotesa watu. 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22, mfuatano gani huu? Na kwa nini 16 liwe tundu dogo afu 2 liwe kubwa? Siri ni ileile, ni sehemu, ila safari hii sio sehemu ya sekunde, ni sehemu ya urefu wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi yenyewe. Lenzi ya milimita 50 ukiiweka kwenye 2, tundu lina upana wa 50 gawanya kwa 2, yaani milimita 25. Kwenye 4 ni milimita 12.5. Kwenye 16 ni milimita 3 na kidogo, ndo kile kichwa cha kiberiti ulichokiona. Sasa kutoka 2 kwenda 4 upana umepungua nusu, lakini mwanga unapita kwenye eneo lote la duara, na duara ukilipunguza upana nusu eneo lake linabaki robo. Robo ni nusu ya nusu, yaani kliki mbili. Kwa hiyo lazima kuwe na namba moja kati ya 2 na 4 ambayo inakata nusu peke yake, na hiyo ndo 2.8. Usikariri mstari wote. Shika mbili tu, 1.4 na 2, afu uziongeze mara mbili kwa kupishana: 1.4 inazaa 2.8, 2 inazaa 4, 2.8 inazaa 5.6, 4 inazaa 8, hivyohivyo mpaka mwisho (11 wameikata kidogo, ilitakiwa iwe 11.2). Mimi hili nilikaa miezi sijalijua, nilikuwa naona ni namba za kiwanda tu kama namba za viatu.

Sasa utamu upo hapa. Kliki ya spidi na kliki ya tundu zina thamani sawa. Ukikata mwanga kliki moja huku ukauongeza kliki moja kule, filamu inapata kilekile. Spidi 125 na tundu 8 ni sawa na 250 na 5.6, ni sawa na 500 na 4, ni sawa na 60 na 11. Picha zote nne zitakuwa na mwangaza mmoja, tofauti itakuwa kwenye sura yake. Kwenye 60 mtu anayetembea haraka mbele yako anaweza kutoka na miguu kama moshi, kwenye 500 ameganda hewani. Kwenye tundu 4 uso uko safi na nyuma yake kumefifia, kwenye 11 uso na ukuta wa nyuma vyote vinasomeka. Ndo maana mtu mzoefu haulizi namba gani ni sahihi, maana zote ni sahihi, anaanza na anachokitaka kwenye picha, anakiweka upande mmoja, afu upande wa pili anahesabu kliki.

Kuhusu mkono kutetemeka kuna kanuni ya wazee inayofanya kazi mpaka leo, spidi isishuke chini ya urefu wa lenzi yako. Lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya 60, lenzi ya 135 kaa kwenye 250. Chini ya hapo tafuta ukuta wa kuegemea au stendi.

Namba ya tatu ni ya filamu yenyewe, ile 100, 200 au 400 kwenye boksi. Hiyo inasema filamu ina njaa ya mwanga kiasi gani, na habari njema inafuata sheria ileile, 200 inahitaji nusu ya mwanga wa 100, na 400 nusu ya 200. Kliki tena. Kwenye kamera za zamani utakuta imeandikwa ASA, ni namba zilezile za ISO za leo. Ukikuta DIN, 100 ni 21, 200 ni 24, 400 ni 27, unaona kila kliki wanaongeza 3. Zenit na kamera nyingine za Kisovieti zina GOST, na GOST ya zamani ni tofauti kidogo, 65 yake inakaribia 80 ya ASA, ila kwa filamu ya kawaida tofauti hiyo haitakuharibia kitu. Nobu yake mara nyingi imejificha ndani ya nobu ya spidi au kuzunguka kale ka kurudishia filamu, unainyanyua ndo inazunguka. Ukishaiweka usiiguse mpaka filamu iishe. Yale mabaka meusi na ya fedha unayoyaona kwenye kikebe cha filamu ni msimbo wa DX, ulianza 1983 ili kamera ijisomee yenyewe aina ya filamu, kamera ya kabla ya hapo haiyasomi, kwa hiyo usipoiambia wewe itabaki inaamini una filamu ya mwaka juzi. Na jamani tusichanganye, hii namba haiongezi wala kupunguza mwanga kwenye filamu hata chembe, inaiambia tu mita, yaani kipima mwanga cha kamera, ipime vipi. Kamera isiyokuwa na mita, namba hiyo ni ya kukukumbusha tu.

Kwa vitu hivi vitatu unaweza kupiga hata mita ikiwa imekufa. Jua kali, kivuli chako kinaonekana kwa ncha kali chini, weka tundu 16 na spidi inayokaribia namba ya filamu. Filamu ya 100, spidi 125. Filamu ya 400, spidi 500. Mawingu mepesi yakipita fungua kliki moja, 11. Mawingu yamefunika na kivuli hakionekani, 8. Limekuwa zito kabisa, 5.6. Umekaa kivulini lakini anga iko wazi juu yako, 4. Mimi nina kamera moja mita yake haijawahi kuamka tangu niipate na natumia hii tu, na picha zinatoka.

Sasa ngoja tuihesabu moja mpaka mwisho uone inapokwama. Una filamu ya 400, jua la mchana, unataka uso wa mtu na nyuma yake kufifie, kwa hiyo unataka tundu 2.8. Kanuni imekupa 500 na 16. Kutoka 16 mpaka 2.8 ni 11, 8, 5.6, 4, 2.8, kliki tano za kufungua. Basi spidi ipande kliki tano: 1000, 2000, 4000, 8000, 16000. Kamera kama Pentax K1000 inaishia 1000. Nikon FM2 ya 1982 ilisifika kwa sababu ilifika 4000, na hata yenyewe hapa haitoshi. Kwa hiyo kwa 1000 utaishia tundu 11 na nyuma kote kutaonekana, upende usipende. Ukiwa na filamu ya 100 unaanza 125 na 16, unapanda 250 na 11, 500 na 8, 1000 na 5.6, angalau hapo kidogo. Ndo ujue kwa nini watu wanakwambia filamu ya 400 sio ya jua kali kama unataka ule ufifio, hawajui kukueleza sababu ila sababu ni hiyo, kliki zimekuishia. Msogeze mtu wako kivulini, unapata kliki nne bure.

Mita. Kwenye K1000 ukichungulia kuna kasindano upande wa kulia, kakipanda mwanga umezidi, kakishuka umepungua, unazungusha spidi au tundu mpaka kakae katikati. Kamera hii ilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997 na haina swichi ya kuzima mita, ukifunika lenzi na kifuniko giza ndo linailaza, usipofunika betri inaisha kabatini. Kamera nyingine zinaonyesha taa nyekundu, nyingine sindano mbili za kukutanisha, maana ni ileile.

Ila mita usiiamini kama mganga. Yenyewe haijui inaangalia uso au ukuta, inachojua ni kwamba dunia yote ina rangi ya kijivu cha wastani, na itafanya kila inachoweza picha yako iwe na kijivu hicho. Mtu amesimama na dirisha nyuma yake, mita inaliona dirisha, inasema mwanga mwingi huo punguza, unapunguza, uso unatoka mweusi tii. Ukuta mweupe unatoka kama umepakwa majivu. Dawa ni kusogea mpaka uso ujaze fremu, pima hapo, weka namba, rudi nyuma ulipokuwa upige bila kujali sindano inalia nini. Ukishindwa kusogea fungua kliki moja au mbili kuliko inavyosema. Na kama filamu yako ni ya negativu (ile inayosafishwa ikatoka rangi kinyume), ukiwa na wasiwasi kosea upande wa kuongeza, negativu inavumilia mwanga kuzidi, lakini mwanga ukipungua vivuli vinakuwa vitupu na hamna fundi wa kuvirudisha. Filamu ya slaidi (ile inayosafishwa ikatoka picha yenyewe) ni kinyume chake, ikizidi tu mahali penye mwanga panaungua.

Betri ni kisa kingine. Kamera nyingi za miaka ya 60 na 70 zilitumia betri ya zebaki, PX625, ya volti 1.35, na betri hizo zimeshaondolewa sokoni kwa sababu ya sumu ya zebaki. Ya sasa ya umbo hilohilo ni volti 1.5, inaingia vizuri, mita inaamka, wewe unafurahi, afu mita inakudanganya kimyakimya. Betri za zinki na hewa, zile za vifaa vya kusaidia masikio, ndo zinakaribia volti ya zamani, ukizipata za kukaa mle ndani zitumie. Cha muhimu kujua ni kamera yako inahitaji betri kwa ajili gani. Nikon FM au K1000 betri ikifa mita tu ndo inalala, shata inaendelea kupiga spidi zote. Canon AE-1 ya 1976 ni ya kielektroniki, bila betri ya volti 6 haipigi kabisa, na watu wameziita mbovu kumbe betri tu.

Fokasi nitapita haraka maana macho yako yatakufundisha kuliko mimi. Kwenye kamera ya kioo, yaani ile unayochungulia kupitia lenzi yenyewe, mara nyingi katikati kuna kaduara kaliokatwa nusu. Tafuta kitu chenye mstari ulionyooka, kingo ya mlango, fremu ya miwani, kola ya shati. Mstari ukiwa umekatika juu na chini haviungani, zungusha pete ya fokasi mpaka viungane. Kwenye kamera kama Zorki na FED unaona picha mbili zimepandana katikati, unazungusha mpaka ziwe moja. Kitu kimoja tu cha kuangalia, kwenye kamera ya kioo unachungulia lenzi ikiwa wazi kabisa muda wote, tundu linajifunga pale unapobonyeza tu, kwa hiyo ule ufifio unaouona sio utakaotoka kama umeweka 11. Zile alama za 4, 8, 16 zilizojirudia kushoto na kulia kwenye mwili wa lenzi ndo zinakwambia ukweli. Lenzi ya 50 ukiweka tundu 16, ukaileta alama ya nane iliyolala, ile ya mbali kabisa, ikae juu ya 16 ya upande mmoja, soma 16 ya upande wa pili, itakuwa kama mita mbili na nusu au tatu. Kuanzia hapo mpaka milimani kote kunasomeka, weka kamera begani utembee usifokasi tena.

Kuna lenzi za zamani zaidi, kama Helios 44-2 inayokuja na Zenit, zina pete mbili za tundu. Moja unachagulia namba, ya pili ndo inafunga kwa mkono. Unafokasi ikiwa wazi, unafunga, unapiga. Ukisahau kufunga umepiga kwa tundu 2 juani, na utasahau, kila mtu anasahau.

Haya, filamu. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo niliumia. Nyanyua kanobu ka kushoto, ingiza kikebe, kashushe kakishike. Vuta ulimi wa filamu mpaka upande wa kulia, ingiza ncha kwenye mwanya wa ule mhimili wa kuvingirishia. Vuta mkono mara moja polepole ukiwa bado umeacha mgongo wazi. Angalia vitu viwili: meno ya gia yameingia kwenye vitundu vya filamu, juu na chini, sio upande mmoja, na filamu imeanza kujiviringisha bila kuchomoka. Ukiona inacheza vuta tena kidogo. Ndo ufunge. Afu zungusha kale ka kurudishia kufuata mshale mpaka kakaze kiasi, usilazimishe, hiyo inaondoa ulegevu ndani ya kikebe.

Sasa kuanzia hapo kila ukivuta mkono wa kulia, jicho liwe kwenye kanobu ka kushoto. Kanazunguka kinyume? Filamu inatembea. Kametulia? Filamu imechomoka na wewe unapiga hewa. Mimi sikujua. Nilienda safari ya siku mbili, nikapiga zote 36, kaunta ikahesabu moja baada ya nyingine vizuri kabisa mpaka 36, ikafika 37, nikasema leo nimepewa ya bonasi. Ikafika 40. Ndo roho ikaanza kudunda. Kumbe kaunta haihesabu filamu, inahesabu mkono wako. Filamu ilikuwa imelala ndani ya kikebe chake kama nilivyoinunua, haijaona hata jani. Tangu siku hiyo macho yangu yako kushoto, hata nikiwa naongea na mtu.

Fremu mbili za kwanza ni za kutupa kwa sababu ziliona mwanga ulipokuwa unapachika. Kaunta inaanzia S au nukta chini ya sifuri, piga hewani mpaka ifike 1.

Kabla hujaizoea kamera yoyote mpya kwako jua ina tabia gani. Zorki na FED unavuta filamu kwanza ndo unabadilisha spidi, ukibadilisha kabla unaweza kuharibu mtambo, na hili sio la kujaribu uone. Nikon FM mkono wa kuvutia ukiubana kabisa kwenye mwili unafunga kitufe, ukiona haipigi utoe nje kidogo. Olympus OM-1 ndo inavuruga wageni wote, nobu ya juu ambayo kila mtu anadhani ni ya spidi ni ya filamu, spidi iko kwenye pete kuzunguka shingo ya lenzi, na ukishaizoea utajiuliza kwa nini wengine hawakufanya hivyo. AE-1 ukiiweka pete ya lenzi kwenye A, wewe unachagua spidi yenyewe inachagua tundu.

Flashi ina sharti moja. Kwenye nobu ya spidi kuna namba ya rangi tofauti au yenye alama X, mara nyingi 60 kwa mapazia ya kitambaa na 125 kwa vibati vingi, usiizidi. Mapazia yako mawili, la kwanza linafungua, la pili linalifuata kufunga. Kwenye 60 kuna muda fremu yote iko wazi. Kwenye 500 la pili linaanza kabla la kwanza halijafika, kinachopita ni mwanya tu unaotembea, na flashi inawaka mara moja kama radi, inamulika mwanya ule tu, picha inatoka nusu nyeusi.

Mwisho wa filamu utausikia mkononi, ule mkono wa kulia unagoma katikati. Usiulazimishe hata kama kaunta inasema 35, ukiuvuta kwa nguvu unachana vitundu au unaichomoa filamu kwenye kikebe. Geuza kamera, chini kuna kakitufe kadogo, kabonyeze, ndo kanaachia zile gia. Kunjua kale kamkono ka kushoto uzungushe kufuata mshale, taratibu, utasikia uzito wa filamu inarudi. Usihesabu raundi, sikiliza. Kuna mahali inakaza kidogo zaidi, afu ghafla inalegea kabisa na kamkono kanazunguka kepesi kama ulivyokakuta siku ya kwanza. Ongeza raundi mbili tatu za tahadhari, ndo uvute kanobu juu mgongo uachie.